Kuingia kwenye kikundi cha utafiti wa tabia na akili za samaki: mwongozo kwa kijana wa Kigoma

Ukimwambia mtu wa Mwanga au Ujiji kwamba unataka kufanya utafiti wa samaki, atakuuliza kwa nini dagaa wamepungua na migebuka wamekwenda wapi. Ni maswali ya haki, na wapo watu wanaolipwa kuyajibu. Lakini upo utafiti mwingine ambao hauhesabu tani. Unauliza samaki anajua nini. Anamtambuaje jirani yake? Anakumbuka nani alimfukuza jana? Anapomtazama mwenzake akipigwa, anajifunza kitu?

Sehemu ya utafiti huo inafanywa kwa kutumia samaki wa hapa kwetu. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege, ambao wanasayansi huwaita sikilidi, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Wapo waliomo kwenye matangi ya vioo Ujerumani, Uswisi, Japani na Marekani sasa hivi, wanapimwa kumbukumbu, huku mtoto wa Katonga anaogelea juu ya ndugu zao bila kujua kwamba wana habari.

Nimefanya kazi ya mtafiti msaidizi kwa miaka kadhaa, nikaanza kwa kubeba betri na kuosha matangi. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningetamani mtu anieleze kabla sijatuma barua yangu ya kwanza, ambayo haikujibiwa. Ilistahili kutojibiwa.

Hatua ya kwanza: ujue unaomba kuingia wapi

Usiombe nafasi ya "utafiti wa samaki". Hilo ni kama kuomba kazi ya "mambo ya magari". Kikundi cha tabia na utambuzi hakihitaji mtu anayejua bei ya dagaa wala anayejua kufuga sato, ingawa vyote viwili havidhuru. Kinahitaji mtu anayeelewa swali.

Chukua mfano. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walimtumia Astatotilapia burtoni, samaki mdogo anayeishi kwenye maji ya kina kifupi pembezoni mwa ziwa letu. Walimweka dume mmoja awe mtazamaji. Akaona A anampiga B, B anampiga C, C anampiga D, na D anampiga E. Hakuwahi kuona B na D wakipigana. Halafu wakampa B na D achague wa kumsogelea. Akaenda kwa D, yaani kwa mnyonge. Maana yake aliunganisha aliyoyaona na kupata jibu la pambano ambalo halikufanyika mbele yake. Mwanadamu hupata uwezo huo akiwa mtoto mdogo, na tunauona wa maana sana.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2015, kutoka kikundi cha Masanori Kohda huko Osaka. Walimtumia Neolamprologus pulcher, samaki wa mawe wa ziwa hili hili. Wakatengeneza picha zenye uso wa samaki mmoja na mwili wa mwingine. Samaki alipoona uso wa mgeni alikaa macho, hata kama mwili ulikuwa wa jirani anayemfahamu. Alipoona uso wa jirani alitulia, hata kama mwili ulikuwa wa mgeni. Na utambuzi huo ulichukua chini ya nusu sekunde.

Kikundi hicho hicho, mwaka 2019, kilitangaza kwamba samaki msafishaji wa baharini, Labroides dimidiatus, akiwekewa alama kooni na kuonyeshwa kioo, huenda kujisugua mahali penye alama. Jaribio la kioo lilianza mwaka 1970 kwa sokwe. Wengine wamekubali, wengine wanasema kujisugua si kujitambua, na ubishi unaendelea. Mimi niko upande wa wanaosema tusubiri, lakini napenda ubishi wenyewe. Sisi tunaokaa kilomita chache kutoka Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, tumezoea kwamba mnyama wa kuulizwa habari za akili ni sokwe. Boti ya kwenda Gombe inaondoka Kibirizi na kupita juu ya samaki ambao nao wana maswali yao.

Ukishaisoma mifano hiyo miwili mitatu, jifunze maswali manne ya Niko Tinbergen, aliyoyapanga mwaka 1963. Mnyama akifanya jambo unaweza kuuliza: ni nini mwilini mwake au mbele yake kinachosababisha? Jambo hilo linakuaje tangu utotoni? Linamsaidia vipi kuishi na kuzaa? Lilitoka wapi katika historia ya ukoo wake? Karibu kila utafiti utakaousoma unajibu mojawapo. Mtu anayeweza kusema "kikundi chenu kinajibu swali la tatu, mimi najiuliza la pili" ameshatoka kwenye kundi la waombaji 50 wanaosema wanapenda mazingira.

Hatua ya pili: kaa na samaki kabla ya kukaa na kompyuta

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo nafasi inapopatikana. Watu wengi hudhani inapatikana kwenye CV. CV ya kijana wa miaka 22 inafanana na ya mwenzake. Daftari halifanani.

Tafuta ufuko wenye mawe na maji safi. Kuanzia Bangwe kuzunguka hadi Katonga, na kaskazini mwa mji kuelekea Kalalangabo, pwani yetu imejaa mawe, na maji ya Tanganyika asubuhi yakitulia unaona mita nyingi chini bila shida. Unahitaji miwani ya kuogelea yenye mrija wa kupumulia, kipande cha plastiki cheupe na penseli. Penseli huandika vizuri majini kwenye plastiki iliyosuguliwa kidogo na msasa. Hiyo ndiyo maabara yako ya kwanza.

Usiende peke yako. Muulize mvuvi wa eneo hilo kuhusu mamba kabla hujavua viatu, na ukiambiwa hapa hapana, ni hapana. Epuka penye matete na majani, maana konokono wa kichocho hupenda huko, na hata hivyo nenda ukapime baada ya miezi michache. Nyoka wa majini wapo pia kwenye mawe. Hawakutafuti, nawe usiwatafute kwa kuingiza mkono kwenye matundu. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huchafua ziwa mchana, kwa hiyo ingia alfajiri utoke mapema.

Mara ya kwanza nilipokwenda na kibao changu, mzee mmoja alikuwa anarekebisha nyavu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unatafuta nini huko, mwanangu?"

"Nawaangalia wale wadogo wa kwenye mawe."

"Wale hawauziki."

"Najua, baba. Nataka kujua wanafanya nini."

Akacheka. Kisha akanieleza kwa nusu saa jinsi kuhe, dume na jike, wanavyolinda watoto wao na kumvamia hata mtu akisogea. Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii ya perege katika ziwa hili, jina lake la kitaalamu ni Boulengerochromis microlepis, na yote aliyoniambia yule mzee niliyakuta baadaye vitabuni. Andika majina ya wavuvi pamoja na ya kitaalamu. Usidharau hata moja.

Sasa, uangalie nani? Nakushauri uanze na Neolamprologus brichardi. Ni mdogo, rangi ya kahawia iliyopauka, mkia umechongoka kwa nyuzi mbili ndefu, mapezi yana ukingo mweupe, na huishi kwa vikundi juu ya mawe. Mwaka 1981 Michael Taborsky na Dominique Limberger walieleza kwamba ndani ya vikundi hivyo wamo wasaidizi: samaki ambao hawajazaa, lakini wanasafisha mayai ya wakubwa, wanatoa mchanga kwenye tundu na kufukuza maadui. Utafiti uliofuata, hasa kwa pulcher ambaye ni ndugu yake wa karibu, uliuliza kwa nini wanakubali. Jibu moja lililopata nguvu ni kwamba wanalipa kodi ya nyumba. Asiyesaidia husumbuliwa na wakubwa, anaweza hata kufukuzwa, na nje kuna meno.

Chagua samaki mmoja. Mtazame huyo tu kwa dakika 10, kisha pumzika, kisha chagua mwingine. Utaratibu huu wa kumfuata mmoja kwa muda uliopangwa ulielezwa vizuri na Jeanne Altmann mwaka 1974, aliyekuwa akiwafuatilia nyani, na bado unatumika kila mahali. Sababu yake ni rahisi: ukiangalia kundi zima, jicho lako litakimbilia kwenye ugomvi, na jioni utaandika kwamba samaki hawa wanagombana mchana kutwa.

Kabla ya kuhesabu chochote, tumia siku tatu nne kutengeneza orodha ya vitendo. Kila kitendo kipe jina fupi na maelezo ambayo mtu asiyekujua anaweza kuyafuata. "Kutanua: mapezi ya juu na chini yamesimama, mwili umetulia, kwa angalau sekunde moja." "Kufukuza: kuogelea kwa kasi kumwelekea mwingine, kwa zaidi ya urefu wa mwili mara mbili." Usiandike "amekasirika". Usiandike "anaona wivu". Mimi niliandika hivyo katika kurasa zangu za mwanzo, na msimamizi wangu akakata mstari mwekundu ukurasa mzima, akaandika pembeni: ulimwuliza? Nilichukia siku mbili. Alikuwa na haki. Ukishaandika kwamba ana wivu umeshajibu swali ambalo ulitakiwa kulichunguza.

Ukurasa mzuri unafanana na huu (kuanzia 00:00 ni dakika na sekunde za kutazama):

Katonga, jiwe kubwa lenye ufa. Kina kama mita 2. Maji matulivu. 07:10. Samaki A, mdogo, ana jeraha pezi la kushoto. 00:00 yuko mlangoni pa tundu, kichwa nje. 01:20 samaki mkubwa B apita nusu mita, A atanua, ainamisha kichwa, B aondoka. 03:05 A achota mchanga mdomoni, autema nje. Arudia mara 4. 06:40 sikumwona, ameingia tunduni. 07:55 atoka.

Umeona hiyo "sikumwona"? Iandike. Daftari lisilo na mapengo linanitia shaka kuliko lenye mapengo.

Na umeona saa? Nimeandika 07:10, si saa 1:10 asubuhi. Hili limewahi kutugharimu. Daftari langu lilikuwa na saa za Kiswahili, kamera ilikuwa na saa za kizungu, na mwenzetu aliyekuja kuunganisha data hakujua kwamba kuna tofauti ya saa sita. Video za siku tatu ziliambatanishwa na kurasa zisizo zake, na tuligundua tulipoona samaki "waliolala" wanafukuzana. Kwenye data tumia saa 24, kila siku, hata kama nyumbani mnacheka.

Fanya hivyo siku 14. Usikamate samaki. Kuangalia kwa macho kwenye ufuko wa wazi ni jambo moja, kukamata na kuweka kwenye tangi ni jambo jingine linalohitaji ruhusa ya idara ya uvuvi, na ndani ya mipaka ya Gombe au Mahale, ambazo zinalinda pia sehemu ya maji, huingii kabisa bila kibali. Kama huwezi kuogelea, angalia perege kwenye bwawa la mfugaji. Dume wa perege akilinda kiota chake ana mambo ya kutosha kujaza daftari.

Hatua ya tatu: tafuta kikundi kinachokufaa

Hapa Kigoma anza na kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Kazi yao kubwa ni uvuvi na afya ya ziwa, lakini watafiti wengi wa nje hupitia kwao, na wao ndio wanaojua nani anakuja msimu ujao. Kuanzia mwaka 1998 kwa miaka kadhaa palikuwa na mradi wa mafunzo ulioitwa Nyanza, ulioleta wanafunzi wa Marekani na wa Afrika kufanya utafiti wa kiangazi hapa hapa, na baadhi ya waliopita humo ni watafiti wakubwa leo. Kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ya Kibirizi inafundisha uvuvi kwa ngazi ya cheti na stashahada. Ukiwa huko, usijione umechelewa: kikundi cha tabia kinamhitaji mtu anayejua boti na nyavu kama kinavyomhitaji mwenye shahada.

Vyuo vikuu vya ndani vya kuangalia ni Dar es Salaam, chenye skuli ya sayansi za viumbe wa majini na uvuvi, na Sokoine, Morogoro. Huenda usikute kikundi kilichoandikwa mlangoni "akili za samaki". Tafuta mhadhiri anayefanya ikolojia ya samaki, mpelekee swali lako la tabia. Wengi wanapenda kusikia kitu ambacho si kuhesabu samaki sokoni.

Nje ya nchi, wanaofanya kazi na samaki wa Tanganyika wamo Konstanz, Ujerumani, katika taasisi ya Max Planck ya tabia za wanyama, Bern, Uswisi, ambako ndiko kazi ya wasaidizi ilikokua, Basel, wanakochunguza jinsi aina zote hizi zilivyotokea, na Osaka. Kwa shahada za juu, angalia ufadhili wa DAAD wa Ujerumani, wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, na wa serikali ya Japani. Karibu kote huko msimamizi aliyekubali kukupokea ana uzito kuliko alama moja ya ziada kwenye cheti.

Ukifungua ukurasa wa kikundi, usisome sifa zao. Angalia makala za miaka mitatu ya mwisho, uone kama majina ya wanafunzi yako mbele. Angalia kama wanaofanya kazi ziwani wana wenzao wa Tanzania, Zambia, Burundi au Kongo katika orodha ya waandishi, au wanawashukuru tu mwishoni pamoja na dereva. Hilo litakueleza mengi kuhusu maisha yako ya baadaye pale.

Kisha soma makala moja tu, vizuri. Anza na sehemu ya mbinu. Ukiweza kumwelezea mdogo wako mezani walivyofanya, umeielewa.

Hatua ya nne: barua

Barua iwe fupi, isipite skrini moja ya simu. Kwa mhadhiri wa Tanzania andika kwa lugha anayoandikia yeye. Kwa wa nje andika Kiingereza rahisi, usikope maneno makubwa. Kiini ni kile kile:

Dkt. (jina), habari za kazi.

KUH: KUJITOLEA KWENYE KIKUNDI CHAKO, JULAI HADI SEPTEMBA

Naitwa (jina), mwanafunzi wa mwaka wa pili wa (kozi), mkazi wa Kigoma. Nimesoma makala yenu kuhusu wasaidizi kufukuza wavamizi. Sikuelewa jambo moja: mlihesabu kufukuza kwa dakika 10 asubuhi tu. Nimewatazama samaki wa vikundi vitano vya brichardi Katonga kwa siku 14, na siku za upepo niliona kufukuza kwingi zaidi. Sijui kama ni upepo, au ni mimi niliyekuwa naona vibaya maji yalipochafuka. Nimeambatisha kurasa mbili za daftari na orodha ya vitendo niliyotumia. Naweza kuogelea, kuendesha boti ya injini, na nimejifunza kusoma video kwa programu ya BORIS. Je, kuna video zinazosubiri kusomwa, au kazi ya ziwani msimu huu? Natanguliza shukrani.

Hakuna "tangu utotoni nimekuwa na ndoto". Hakuna "naamini kikundi chako ni bora duniani". Lipo swali, upo ushahidi kwamba umetazama, lipo ombi dogo ambalo mtu anaweza kulikubali bila kuitisha kikao. Na ule mstari wa kutojua kama ni upepo usiuondoe. Mtafiti akisoma hapo anajua ana mtu.

Usitume barua moja kwa watu 20. Wanafahamiana. Wasipojibu, baada ya wiki mbili andika mistari miwili ya kukumbusha, kisha basi, nenda kwa mwingine.

Hatua ya tano: ujuzi wa kuongeza wakati unasubiri

BORIS ni programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Torino: unaweka video, unabonyeza herufi kila kitendo kinapotokea, inakupa jedwali. Jifunze kwa video uliyoipiga kwa simu. Kisha jifunze R, programu ya takwimu, nayo ni bure, angalau uweze kuchora grafu na kulinganisha makundi mawili. Ipo pia DeepLabCut inayofuata viungo vya mnyama kwenye video yenyewe, lakini inataka kompyuta yenye nguvu, iache kwanza. Pakua vyote ukiwa kwenye intaneti ya chuo, bando la simu litaisha njiani.

Kuogelea ni lazima. Kuzamia kwa mitungi usikubali kufundishwa juu juu na mtu mkarimu ndani ya boti. Hiyo ina kozi yake na cheti chake, na asiye nacho anabaki juu anaandika.

Hatua ya sita: vibali, ambavyo ni silaha yako

Mtafiti wa kigeni hawezi kuanza kazi nchini bila kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na maombi yake yanahitaji mshirika wa ndani. Akishakipata, barua zinashuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hadi wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Akitaka kuingia hifadhini wanaingia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ongeza hapo viongozi wa BMU, vikundi vya wanavijiji vinavyosimamia rasilimali za uvuvi, ambao wana neno lao kwenye ufuko wao, na ongeza kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wetu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mgeni asiyejua hilo anapanga kukodi boti ya uvuvi mwezi wa sita, kisha anashangaa kila mtu anamwangalia.

Wewe unayejua mlolongo huu, na unayejua kwamba mtendaji hapatikani siku ya gulio, unaokoa wiki tatu. Liseme hilo kwenye mahojiano, kwa sababu ni utaalamu.

Hatua ya saba: kabla ya kusema ndiyo

Uliza haya bila aibu. Posho ni kiasi gani, na inalipwa lini? Nikiumia ziwani nani analipa hospitali? Kuna makoti ya kuokolea kwa kila mtu kwenye boti? Je, majaribio yamepita kwenye kamati ya maadili ya wanyama? Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kikundi makini kitakujibu haraka. Samaki anahisi. Kikundi kinachocheka swali hilo kikimbie.

Halafu uliza lile ambalo vijana wetu wanaogopa: nikifanya nini nitakuwa mmoja wa waandishi? Niliwahi kukusanya data misimu miwili kwa kikundi ambacho sitakitaja. Nilichagua mawe, nilirekebisha orodha ya vitendo, nilipiga video zaidi ya nusu. Makala ilipotoka nilikuta jina langu kwenye shukrani, limekosewa herufi. Nilipouliza niliambiwa hakuna aliyeahidi. Ni kweli, hakuna aliyeahidi, kwa sababu sikuuliza. Waliofuata niliwauliza siku ya kwanza, kwa adabu: "Daktari, naomba tuelewane mapema kuhusu uandishi." Hakuna aliyekasirika. Mmoja alisema ni afadhali nimeuliza, tukaandika kwenye barua pepe.

Hatua ya nane: miezi ya mwanzo

Kama kikundi kina matangi, utaanzia kwenye matangi. Maji ya Tanganyika yana pH karibu na 9 na joto la nyuzi 25 hadi 27. Jambo la kukumbuka ni kwamba kwenye pH ya juu hivyo amonia kutoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki inakuwa sumu kali zaidi kuliko kwenye maji ya kawaida. Kwa hiyo usizidishe chakula, na usijaze samaki kwenye tangi jipya. Bakteria wa kusafisha maji wanachukua wiki nne hadi sita kutulia kwenye chujio. Mtu akiosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini anawaua wote, na samaki wanafuata. Suuza kwa maji ya tangi lenyewe.

Samaki wanakutambua pia. Anayewalisha akisogea wanakuja juu, mgeni akisogea wanajificha. Ndiyo maana siku za majaribio huwekwa pazia, na anayelisha hafanyi jaribio kama inawezekana.

Baada ya hapo ni video. Utakaa mbele ya skrini ukibonyeza herufi mpaka usiku uone samaki kwenye dari. Kabla hawajakuamini watakupa video zile zile alizosoma mtu mwingine, bila kukuonyesha majibu yake, na mara nyingi bila kukuambia tangi lipi lilipewa nini. Usikasirike, kila mtu anapita hapo. Kwangu zilikuwa video sita. Dada niliyelinganishwa naye aliandika kufukuza 31, mimi 52. Tulikaa tukazirudisha polepole, yeye akiwa na chai yake, mimi na hasira zangu, mpaka tukaona: samaki akifukuza, akasimama kidogo, akaendelea, mimi nilikuwa nahesabu mbili. Orodha haikusema chochote kuhusu kusimama. Tukaongeza maneno "bila kusimama kwa zaidi ya sekunde mbili", tukazisoma zote upya tangu ya kwanza.